Ulikata Dirisha, Ukauacha Mpini

Mpendwa dada yangu,

Leo mpangaji mpya amekuja kukiona chumba chako cha juu, kilichofungwa tangu tukuzike. Akaukuta mkuki wako wa mwisho umefungwa kwenye boriti. Akaupenda, akataka kuutundika ukutani. Kisha akaukadiria kwa jicho: "Ukikatwa hapa katikati, utaenea."

Nilicheka. Unakijua kile kicheko changu cha kabla ya ugomvi.

Nilikumbuka kikundi cha maigizo kilipokuja kwako kutaka silaha za Wareno kwa mchezo wa Ngome Kongwe: mikuki mirefu ya Ulaya ya kale, yenye shoka ubavuni na ndoana nyuma. Walitaraji mbao zilizopakwa rangi ya fedha. Wewe ukaenda Chwaka, ukarudi na miti ya mvinje, mibichi bado. Tukaipandisha huku ikipinda kwenye kona ya ngazi. Ukaifunga kwenye boriti mpaka ikakauka imenyooka, ukaichonga pande nane isizunguke mkononi, ukaisugua kwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka nyumba nzima ikanuka. Chuma ukakizeesha kwa siki na chumvi. Na chini ya kila shoka ukashusha vipande viwili vya chuma ubavuni mwa mpini, ukavipigilia misumari ya kichwa kipana, ili upanga wa adui usiukate.

Nami nikakuchokoza: "Mreno alitutesa, nawe unamrembea silaha?"

Hukuinua hata kichwa. "We bingwa wa magazeti, nsikilize. Ukimpa Mreno kijiti, basi babu zetu waliomkimbia walikimbia kijiti. Ndiyo unavyotaka?"

Nilikosa jibu, na wewe ni shahidi kwamba mimi sikosi jibu. Mpaka leo sijasikia hoja bora kuliko hiyo juu ya historia, na nimesoma vitabu vingi vya watu wenye vyeo virefu. Tumejaa watu wanaodhani kumdogosha adui ni uzalendo. Huko ni kuwadogosha waliosimama mbele yake.

Siku ya mchezo tukaanza kuishusha mikuki. Ikagoma pale pale kwenye kona. Ilipanda mibichi, sasa imekauka, ina vichwa vya chuma, haipindi. Kiongozi wa kikundi jasho likamtoka.

"Dada, kata urefu wa mkono mmoja tu. Nani atajua?"

"Atajua atakayesimama mbele yake."

Tukajaribu dirishani. Mpini ukapita, shoka likakwama kwenye nondo. Ukalitazama lile dirisha alilolitia baba, ukanambia, "Lete msumeno wa chuma." Nikadhani umeshindwa. Ukakata nondo mbili.

Mimi nikawa chini uchochoroni, wewe juu unaishusha kwa kamba tuliyozoea kushushia kapu, mmoja mmoja. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa dirisha la pili, akachungulia:

"Zuhura! Vita na nani leo?"

"Na ngazi, Bi Mwanaidi! Shikamoo!"

"Marahaba. Basi shinda upesi, mume wangu atadhani ni yeye!"

Jioni ile waigizaji walipoinamisha mikuki kuelekea kwa watazamaji, mstari wa mbele wote ulirudisha miguu. Hakuna aliyecheka. Na pale waliocheza babu zetu walipobaki wamesimama mbele ya ncha zile, nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema taratibu, "Kumbe." Neno moja tu. Mimi nimeandika makala maisha yangu yote na sijawahi kulipata neno lile kutoka kwa msomaji.

Basi leo nikamwambia mpangaji: hautakatwa, nauchukua kwangu.

"Utatoka vipi? Ngazi haipitishi."

Nikamwonesha dirisha. Zile nondo mbili hukuruhusu fundi yeyote azirudishe. Ulisema huo ndio mlango wa kazi yako. Nikafunga kamba, fundi aliyekuja na mpangaji akashuka kuupokea, nami nikasimama pale ulipokuwa ukisimama. Mpini ulikuwa bado unanuka papa.

Bi Mwanaidi siku hizi haoni vizuri. Kutoka kwake aliona mkuki tu ukitokeza dirishani kwetu, akainua uso.

"Zuhura?"

Niliendelea kulegeza kamba, polepole, mpaka ulipogusa ardhi.

Lala salama, dada. Mkuki uko kwangu, mzima. Nimelazimika kutoa kabati la vitabu ili uenee.

Ni mimi, mdogo wako uliyemnyamazisha.