Maji Niliyoyaonja Barazani Kwako

Mwalimu,

Sikulia. Naona nianze na hilo, maana ulipenda mambo yasemwe kuanzia pale yalipo. Siku ya maziko nilikaa ndani na wanawake, mkeo Bi Rukia ameegemea ukuta, na mtu akanipa kikombe cha kahawa. Nilikishika mpaka kikapoa. Wenzangu walilia. Mimi nilitazama rangi iliyobambuka ukutani, nikawaza kwamba ile ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka chini, kama ulivyotufundisha. Hivyo ndivyo nilivyokuomboleza.

Sasa ni miezi mitano. Chuoni wamebandua jina lako mlangoni, gundi imebaki. Nimepewa darasa lako la maji ya ardhini, nami nalifundisha kwa maandishi yako, ingawa wajua mimi ni mtu wa vijidudu, si wa visima. Nala, nalala, nasahihisha mitihani, navuka Feri ya Likoni asubuhi na jioni. Ila chakula hakina ladha. Mama alinipikia samaki wa kupaka, nikamaliza sahani nzima, akaniuliza vipi, nikamwambia mtamu. Angenipa karatasi pia ningeitafuna. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani ni jambo langu peke yangu.

Baada ya hitima, majirani walimwambia Bi Rukia kwamba Ijumaa isife. Walisema hivyo, kama kwamba Ijumaa nayo ilikuwa mgonjwa. Wajua walichotaka, lakini acha niandike, nipate kukiona: kila Ijumaa baada ya Alasiri ulikaa kwenye baraza ya nyumba yako pale Mji wa Kale, ukawaeleza watu wa mtaa elimu tunayoifungia chuoni. Kwa nini kuta zinaliwa, mbu anazaliana wapi, dawa ikimalizika muda wake inakuwa nini. Wanaume barazani, wanawake milangoni na madirishani, Mzee Bakari akipita na dele lake la kahawa. Mimi kwenye kiti cha plastiki, mwanafunzi wako wa zamani, Mgiriama kutoka ng'ambo, kazi yangu kushika karatasi zako.

Hukuniruhusu kusema neno pale mpaka nilieleze kwanza jikoni. Nilimweleza Bi Rukia huku akikaanga mahamri. Akiendelea kugeuza, sijaeleweka. Akisimamisha mwiko akauliza, nimepita. Nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshindwa kwenye mitihani yako. Na wewe mwenyewe hukuwa na mpaka. Ile siku tuliyokuja kwetu Likoni, ulianza kumweleza muuza karanga kwa nini feri haizami, ukanogewa, tukarudishwa kisiwani bila kushuka. Karanga alikuuzia kwa bei ya mgeni vilevile.

Lakini ninalolikumbuka zaidi siku hizi ni kupatwa kwa jua. Uliwatangazia watu saa, ukasahau kuongeza saa tatu za kwetu juu ya ile iliyoandikwa na wenzetu wa Ulaya. Mtaa mzima ukapanda darini na makadi yenye tundu ya kupitishia mwanga wa jua, ukaungua, ukashuka ukikulaani kwa adabu. Jua likaja kupatwa watu wameshaingia ndani. Mimi nilitaka tuwapigie simu wachache, tuwaombe radhi, yaishe. Ulikataa. Ijumaa iliyofuata ulikaa pale pale ukasema umekosea, na umekosea wapi, hatua kwa hatua. Ukaniambia: "Kosa lirekebishe pale pale ulipolifanya, na kwa sauti ile ile." Mzee Bakari hakuacha kukutania. Kila ukitaja saa, yeye: "Ya huku au ya Ulaya, Mwalimu?"

Basi, Mwalimu, nimekosea.

Ilikuwa Ijumaa yangu ya pili kukaa mahali pako. Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima na maji ya mkokoteni yamepanda bei. Bi Zuhura, jirani yako wa mbele, aliuliza kutoka dirishani kama wanaweza kunywa ya kisima cha uani. Akateremsha gilasi. "Onja mwanangu, utwambie." Nikaonja. Wewe ulisema kwa visima vya kisiwani ulimi ndio kipimo cha kwanza, kabla ya mashine yoyote. Nikaonja mara mbili, mbele ya watu wote, na sikusikia kitu. Maji tu.

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno hilo ulilisema kila Ijumaa, ukaliandika swali, ukaja na jibu wiki ya pili. Lakini watu walikuwa wananitazama, na nilitaka waone kwamba hukuniacha mtupu. Nikajibu kwa kile ninachokijua. Nikasema, chemsheni mpaka yatokote, mnywe bila wasiwasi.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi haifi. Maji yanapungua sufuriani, chumvi inabaki yote. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukuambia hayo, na mimi nilikuwa na somo lako lote kuhusu bahari inavyoingia visimani likiwa limepigwa chapa mkobani mwangu. Bi Zuhura ana presha na ameshakatazwa chumvi. Aliacha kununua maji, akanywa ya kisima, chumvi na yote, kwa sababu mwalimu amesema. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, kichwa kikamzunguka, akalazwa siku tatu. Daktari alipomwuliza anakunywa maji gani, akamtajia jina langu.

Bi Rukia ndiye aliyenipa habari. Hakuninyanyulia sauti. Aliniambia tu kwamba Bi Zuhura alipolazwa, yeye aliagiza aletewe maji ya kisima kile, akayaonja, na yalikuwa ya chumvi ya kukunja uso.

Nilipita sokoni Marikiti, nikanunua machungwa na madafu, nikaenda kwa Bi Zuhura alipotoka hospitali. Nilikaa kitandani kwake nikamwomba radhi. Sikulia hapo pia. Alinishika mkono akasema, "Nshakusamehe mwanangu. Lakini humu tu wawili. Pale nje mlikuwa wangapi?" Kisha akaniambia kwamba nyumba ya pili bado wanachemsha, na kule nyuma kuna bibi mwingine mwenye presha.

Ungedhani nilitoka hapo moja kwa moja mpaka barazani. Nilimpitia huyo bibi wa nyuma, nikamwambia mlangoni, nikaenda kuvuka Feri. Ijumaa mbili sikuja. Ya kwanza nilisema ni mitihani, ya pili sikusema kitu. Watu walikaa, wakanywa kahawa, wakaondoka. Bi Rukia akanipigia simu: "Mficha uchi hazai, Kadzo." Akakata.

Ijumaa iliyopita nikaja. Bi Rukia alinipitisha jikoni kwanza. Sufuria ilikuwa motoni. Nikamweleza, akasimamisha mwiko.

Nikasema pale pale, kwa sauti ile ile. Kwamba niliwaambia wachemshe wanywe, na si kweli kwa visima hivi. Kwamba najua vijidudu na sikujua chumvi ya kisima kile, nikajibu kana kwamba najua. Na nikasema lile la ulimi, ambalo sikukusudia kulisema. Kwamba tangu Mwalimu afe sionji kitu, na niliyaonja maji yao bila kuwaambia.

Fundi seremala wa kona ya pili akainuka, akasema, "Kumbe nawe hujui," akaenda zake. Wawili wakamfuata. Sikuwalaumu. Bi Zuhura akauliza kutoka dirishani, "Sasa tunywe yapi?" Nikasema sijui. Nikasema wenye presha, wajawazito na watoto wasiyaguse kwanza, na kwamba nitapima kisima baada ya kisima, na hapa ndipo majibu yatakapoletwa kwanza, kabla ya chuo na kabla ya jarida lolote. Nikaliandika swali lake.

Nilikuwa nakunja karatasi niondoke. Mzee Bakari akaweka dele chini, akanimiminia kikombe.

"Mwalimu alitupandisha darini," akasema. "Wewe umetunywesha chumvi. Kaa."

Nikakaa. Nikanywa, na kahawa ilikuwa chungu. Chungu kweli, Mwalimu, na tangawizi ikanikata kooni. Ilibidi nigeukie ukuta. Bi Rukia alitoka akasimama kati yangu na watu, akajifanya anatikisa mkeka, mpaka nilipomaliza kufuta uso.

Nakuandikia ofisini kwako, Alhamisi mchana. Mezani pana chupa kumi na moja za maji, kila moja na jina la nyumba, na kipimo chako cha chumvi nimekipata kabatini, betri zimeoza, nimetia mpya. Kila chupa naionja kwanza, kisha naipima. Mpaka sasa mashine na ulimi vinakubaliana.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kesho nitakwenda na majibu ya nyumba kumi na moja. Atakayeuliza ya kumi na mbili nitamwambia sijui, na Ijumaa ya pili nitarudi.

Mwanafunzi wako,
Kadzo