Somo la Mteremko

Nyankumbu, Geita
Jumamosi jioni

Kwako mama mkwe wangu, Mama Elieth,

Shikamoo mama. Naitanguliza shikamoo hii nikiwa nimeinamisha kichwa, kama vile niko uani kwako Ushirombo na wewe uko ndani. Vipi lile goti linalokusumbua mvua zikikaribia? Na mahindi ya bondeni yamekubali mwaka huu? Shemeji Samwel aliniambia karanga zimetoka vizuri, nikafurahi kwa niaba ya mjukuu wako, maana anavyozifakamia unaweza kudhani hapewi chakula. Sisi huku hatujambo. Mtoto ni mzima, shule anakwenda, na meno ya mbele yameng'oka, kwa hiyo akiongea ni vichekesho vitupu.

Najua utashangaa. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini nifanyeje, mama? Kukupigia simu siwezi, tangu lini mtu akapiga soga na mama mkwe wake sikioni? Meseji nazo nimeziandika nikazifuta, nimeona ni kama kukuingilia uani bila hodi. Barua angalau itapanda basi, Samwel ataipokea stendi, atakukabidhi, nawe utaisoma peke yako bila kuniona wala mimi kukuona. Wenzetu wa mjini hutucheka kwa mambo haya. Waache wacheke, ndivyo tulivyolelewa.

Mama, unamkumbuka Abdulshakur wa kitengo cha mafunzo, yule kijana wa Nyasubi kule Kahama? Ndiye aliyekufuata na kamera miezi yako ya mwisho kazini. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba kila mkongwe anayestaafu anaondoka na maarifa yake yote kichwani, halafu wanaobaki wanaanza kuhangaika upya. Wakaamua kila mkongwe arekodiwe kabla hajaondoka. Basi, kazi ile imekamilika. Siku hizi hatukai tena darasani na chai yetu tukibishana. Kila dereva anafungua masomo kwenye kishikwambi cha kampuni au kwenye simu yake, anatazama, anajibu maswali, mfumo unasahihisha wenyewe. Usipofaulu yote, kibali chako cha kuendesha dampa la mawe mgodini hakihuishwi, unashushwa garini.

Nilipoona orodha ya masomo sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi nilifundishwa na wewe mwenyewe! Bado nakumbuka ulivyokaa kwenye kile kiti kidogo pembeni ya dereva, kofia ngumu imekubana, unaniambia breki siyo kinu niache kuitwanga. Tukifika juu ya mteremko unanisimamisha, unaniamuru nifumbe macho nisikilize injini, kwanza nikuambie inasema nini ndipo unaniruhusu kushuka. Nikikosea unanifokea mpaka jasho linanitoka. Nikipatia husemi kitu, unafungua kopo lako la michembe na kunigawia vile viazi vitamu vikavu. Jamani, michembe ile! Sijala chakula chochote kazini kilichonipa raha kama ile michembe ya kimya kimya. Kila mtu alikuita Mwalimu, nami nikakuita hivyo hivyo, na nilikuwa najisikia mtu.

Halafu ukasahau miwani nyumbani. Binti yako Elieth akaileta mpaka getini, ukanituma mimi nikaichukue. Niliporudi uliniuliza kama hiyo miwani ilikuwa inatengenezwa palepale getini, maana nilikaa sana. Nilitazama chini nikasema walinzi wamenichelewesha. Sidhani kama uliamini.

Tangu siku wazee wa kwetu walipokuja kwenu na mambo yakakubaliwa, ule mlango ulifungwa, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wewe mwenyewe uliomba ofisini nihamishiwe zamu nyingine ili tusigongane. Nikikuona kwa mbali njia ya kantini, nakatiza nyuma ya karakana. Nawe ukiniona unaishusha kofia usoni na kugeukia ukuta. Sikulalamika, nilikuwa nimepata mke niliyempenda. Lakini leo nikwambie ukweli, mama, nilikukumbuka. Nilikuwa napita juu ya ule mteremko peke yangu, nafumba macho kidogo, nasikiliza injini, na kiti cha pembeni kitupu. Hata siku tulipompumzisha Elieth pale Ushirombo, wewe ulilia upande wako mimi upande wangu, hatukupeana hata mkono. Iliniuma sana.

Sasa sikiliza kilichonipata. Somo la kwanza nililopangiwa ni Somo la Mteremko, kuteremsha gari lenye mzigo. Nikalifungua kantini, mwenzangu Edson yuko jirani anakunywa uji. Kabla somo halijaanza likanitaka niandike jina la mkufunzi. Nikaganda. Jina lako, mama, mdomo wangu haujalitamka tangu nioe, na hata mtoto aliyerithi jina hilo namwita Mama tu. Nikaruka pale, nikabonyeza kuendelea. Lo! Uso wako huo hapo, kioo kizima, unanitazama! Nilikibwaga kishikwambi kifudifudi mezani, uji wa Edson ukamwagika wote. Alidhani nimeona nyoka.

Nikajisemea haidhuru, nitasikiliza bila kutazama. Nikakilaza vilevile kifudifudi, nikageukia dirishani, nikatega sikio. Ulikuwa unaeleza vizuri, mama, neno kwa neno kama zamani. Tatizo ni kwamba somo lile kila baada ya muda linataka uguse kioo kuonyesha kwamba uko macho. Usipogusa linasimama, halafu linakurudisha mwanzo. Basi ikawa kila siku nakusikiliza mpaka katikati, linanirudisha, naanza tena. Edson akanionea huruma, akasema nimpe yeye anifanyie, nusu saa tu amemaliza. Nikamwambia hapana. Ningewezaje kupita pale juu na mzigo nyuma yangu kwa kibali cha uongo, tena kwenye somo lako?

Mkuu wa mafunzo, Bi Philomena, akaniita ofisini. Mfumo unamwonyesha kila mtu amefungua nini, na jina langu lilikuwa limewaka nyekundu. Akaniuliza kwa upole kama macho yangu yana matatizo. Akaniuliza kama kusoma kunanipa shida, nisione aibu. Nikabaki nakuna kichwa. Ningemwambiaje mtu wa ofisini kwamba namwogopa mama mkwe aliye ndani ya kioo? Mwishowe akasema nisipomaliza kabla ya mwisho wa mwezi nitashushwa garini nipelekwe kuosha magari, na hana namna ya kunisaidia. Nikishushwa, ndugu zangu watasema mtoto aje alelewe kwao, na mimi mwenyewe sijui nitapinga kwa kipi.

Nikamfuata Abdulshakur nikamweleza kila kitu. Kwanza alicheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akatulia, akasema kosa ni lake, amekulia Kahama katikati ya Wasukuma na alipaswa kulifikiria jambo hilo kabla ya kuuweka uso wako kwenye kila somo. Akachukua plasta ya kidonda kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Akaupunguza uso wako ukakaa kona ya kioo, akabandika plasta juu yake. Pale kwenye jina akaurekebisha mfumo ukubali niandike Mama Elieth. Wabeja, asante sana kwa kijana yule, Mungu amzidishie.

Basi ungetegemea nimalize siku ileile. Sikumaliza, mama. Na hapa ndipo nakuomba ukae vizuri, kama umesimama vuta kigoda.

Nilikuwa nimeliweka somo kwenye simu yangu pia ili nijifunze nyumbani. Jioni moja niko jikoni naosha vyombo, simu naibonyeza bila kuitazama, nakusikiliza. Kuna mahali unaeleza habari za gia, mara kile kipaza sauti alichokubandika Abdulshakur kifuani kinadondoka. Unamwambia huyo kupe wake hataki damu ya wazee. Halafu unacheka. Nadhani walisahau kukata kipande hicho. Mtoto alikuwa chumbani anachora. Nikasikia miguu inakuja mbio. Akasimama mlangoni, akaangalia huku, akaangalia kule, akaniuliza Mama yuko wapi. Nikamuuliza Mama yupi. Akasema Mama amecheka.

Sahani ilinitoka mkononi. Kicheko kile, mama, ni cha Elieth. Kinaanza chini chini, kinakatika, halafu kinapanda tena wakati umeshadhani kimekwisha. Ni chake kabisa! Na mimi miaka yote sikuwahi kujua amekitoa wapi, kwa sababu sijawahi kukusikia ukicheka. Ulipokuwa mwalimu wangu ulikuwa mkali, na ulipokuwa mkwe wangu ulikuwa nyuma ya ukuta.

Tangu siku hiyo kila jioni tukishakula mtoto ananiambia nifungue bibi acheke. Nafungua, tunasubiri gia, kupe anadondoka, unacheka, naye anacheka pamoja nawe. Mimi nageukia ukutani. Mtoto anadhani ni kwa heshima tu, na ni heshima kweli, lakini pia nalia. Ndiyo maana sikumaliza somo. Ukishafaulu, mfumo unalifunga ili uende kwenye jingine, hulioni tena. Nilikuwa nafika swali la mwisho, jibu nalijua kama ninavyolijua jina langu, nazima simu. Nilijiona kama mtu anayeambiwa amzike mke wake mara ya pili kwa kidole chake mwenyewe.

Nilimwomba Abdulshakur anitolee hata kile kipande cha kicheko. Akasema masomo ni mali ya kampuni, hayatoki, akithubutu atafukuzwa. Niliona kabisa kwamba imemuuma. Kisha akaniuliza kwa nini nahangaika na simu wakati mwenye kicheko yu hai, yuko Ushirombo anachambua karanga. Nikamwambia kwamba yeye ni mtu wa mjini hawezi kuelewa, huyu ni mama mkwe wangu. Akaniuliza kama wewe ni mama mkwe wa mtoto pia.

Jana nimefanya mtihani. Nimepata maswali yote, hata lile la kusikiliza injini, ambalo Edson alilikosa na bado analalamika. Jina langu limekuwa kijani, Bi Philomena amenipa mkono, kibali ninacho. Somo limefungwa, limewekwa picha ya kufuli. Baada ya chakula mtoto akaniambia nifungue bibi acheke. Nikamwonyesha lile kufuli. Akaenda zake kulala akanigeuzia mgongo.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Najua tangu msiba unamuulizia mjukuu wako kupitia Samwel tu, kwa sababu simu ni yangu na ukipiga utaisikia sauti yangu kwanza. Sasa naomba hivi, mama. Kila Jumapili ukitoka misa, piga. Sitaipokea mimi. Nimeshamfundisha mtoto mahali pa kugusa, ataipokea mwenyewe na kuiweka sauti ya juu. Mimi nitakuwa nje kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nimeipa nyumba mgongo. Usinisalimie wala usiniulize hali, fanya kama sipo. Ongea na mjukuu wako, mfokee asipomaliza kazi za shule, mfundishe kusikiliza injini ukitaka. Atakuonyesha lile pengo la meno hata kama humwoni, ndivyo alivyo. Na ukijisikia kucheka, nakuomba sana, usijizuie.

Kama ombi hili limevuka mipaka ya ukwe, nisamehe, na usinijibu. Jumapili ijayo simu ikikaa kimya nitaelewa, sitakuletea tena barua nyingine ya kukusumbua. Ila mtoto nimeshamwambia kwamba huenda ukapiga. Nimekosea kumwambia mapema, najua, lakini ulimi ulishateleza.

Msalimie sana Samwel na mke wake, mwambie ule mfuko wa karanga tunausubiri. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka. Siku ukipita kwenye kaburi la Elieth, umng'olee magugu kwa niaba yangu mpaka nitakapokuja Desemba. Goti lifunge kitambaa cha moto, usilidharau.

Mtoto anasema nimalizie kwa kukwambia kwamba yeye ameshajua kupokea simu, na kwamba usipige asubuhi sana kwa sababu atakuwa anasukwa.

Ni mimi mkweo, na mwanafunzi wako,
Mihayo