Picha Iliyoshonwa kwa Uzi Mweusi

Vale da Urze,
Trás-os-Montes,
Ureno.
12 Mei 1974

Mpendwa mdogo wangu Amandio,

Pokea salamu tele kutoka huku milimani. U hali gani? Kifua kimepona? Uliandika kwamba ulikohoa majira yote ya baridi katika vile vibanda vya huko Paris, na tangu siku hiyo mama kila akikoroga supu hukuulizia kana kwamba umelala chumba cha pili. Sisi hatujambo. Mimi mgongo tu, na mama macho. Hayo ya macho nitayarudia.

Habari za Lisbon bila shaka mlizipata kabla yetu. Sisi tulikuwa shambani tunapanda viazi. Jirani yetu Mzee Belarmino alikuja mbio, redio kaikumbatia kifuani, akasema wanajeshi wameipindua serikali na watu wanawachomekea askari maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Mama alijinyoosha, akapangusa udongo mikononi.

"Mitutu ya bunduki?" akasema. "Kwani huko Lisbon hawana vyombo vya maua?"

Kisha akainama, tukaendelea kupanda. Ungetaka tufanyeje? Mbegu za viazi zilikuwa zimeshakatwa vipande.

Jioni nikamkuta mama amekaa mbele ya picha ya marehemu Abilio. "Hao wanajeshi wangeamka mapema kidogo, Deolinda," aliniambia. Kaka yetu alipelekwa Msumbiji kupigana na watu ambao hawakumkosea lolote, na hata mwili wake hatukuletewa. Leo wanasema vita vitakwisha. Nilifurahi, Amandio, halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Kijiji ungekiona usingekitambua. Karibu wanaume wote wako huko kwenu wanajenga nyumba za wengine. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu mwaka jana hawakupatikana wa kubeba sanamu, tukaibeba wanawake. Mzee Belarmino akawa ananitania kando ya njia, "Mshike vizuri, binti, huyo ndiye kijana pekee aliyekubakia!" Nilicheka nusura nimwangushe mtakatifu wa watu. Nilipofika nyumbani nikalia. Nikueleze ukweli, upweke umenizidi. Siku nyingine nazungumza na mbuzi mpaka mbuzi mwenyewe ananichoka.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Redio imetangaza kwamba vijana waliokimbia jeshi kama wewe wamesamehewa. Unasema wenzako huko hawaamini, wanahofu ni mtego. Siwalaumu, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata Mzee Belarmino anataka usubiri kwanza. "Jua la Aprili hilo," anasema. "Asivue koti."

Mama alimgeukia. "Wewe Belarmino koti hujalivua tangu uzaliwe. Umepata nini?"

Mzee wa watu akaomba mkate.

Mama ana haraka, na sababu ni hii. Daktari wa mjini Bragança amesema ukungu ulioingia machoni mwake hautatoka. Baridi ikianza tena atakuwa anaona mwanga tu. Kwa sasa bado anaiona sura ya mtu, ikiwa ni mchana na mtu mwenyewe akisogea karibu.

Unaikumbuka ile picha uliyoichana mezani siku ya kuondoka? Nusu ulichukua wewe, nusu ukamwachia mama, ukamwonya asimlipe yule bwana wa kuvusha watu mpakani mpaka nusu yako irudi kwa posta kutoka Ufaransa. Ilipofika tukajua u hai. Mama alichukua sindano na uzi mweusi uliobaki kwenye nguo za msiba wa Abilio, akakushona. Mshono ulipita katikati ya pua. Wewe ukawa na sura ya mtu aliyechanwa kisu kilabuni, na ndivyo tulivyokutazama miaka yote hii.

Juzi asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni penye mwanga, picha magotini, anaufumua ule uzi kwa kupapasa. Nilimfokea, Mungu anisamehe. "Mama, unaiharibu! Hatuna nyingine!"

Hakuinua hata kichwa. "Mimi sikuzaa karatasi," akasema. "Kalete kalamu, umwandikie."

Basi humu ndani utakuta nusu ya uso wako, ile yenye sikio la kushoto. Usishtuke, si mkosi. Mama anasema mara ile nusu ilikuja peke yake. Mara hii usiitie posta, uilete mwenyewe. Nami sikulazimishi, mdogo wangu, hofu yako naijua. Ila mtu kwao, na kwenu bado kuna mtu wa kukufungulia mlango.

Nisalimie shangazi Ludovina na binamu Eurico, na huyo Eurico mwambie kwamba mama yake huku kijijini bado anamwekea soseji juu ya moshi. Bikira Maria akufunike kwa shela yake popote utakapopita.

Nusu nyingine iko mfukoni mwa aproni ya mama, pamoja na sindano iliyokwisha tungwa uzi. Niliitunga mimi, kwa sababu yeye tundu lake halioni tena.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Deolinda