Ulitaka Joto, Tukakupa Marumaru

Kamwene, Mama.

Chumba chako kimefika usawa wa madirisha. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao, hapa hapa bustanini nyuma ya nyumba, ulipochomeka vijiti vinne ukasema jua linafika mapema. Vijiti viwili bado vipo, sikuving'oa.

Mama, nina hasira. Nyingine ni juu ya Kaka Elia, lakini nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Hukuomba makubwa. Kifua chako kilikataa moshi, na kwetu Njombe penye joto ni jikoni tu, kwenye moshi huo huo. Ukataka chumba kidogo kinachotunza joto bila moto. Na cha kujengea ukatuambia: mbao kavu za paini, kuta mbili, katikati yashindiliwe maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa ili wadudu wasiingie, na dari isisahaulike. Mimi, muuza vifaa vya ujenzi Makambako, nikacheka. Nikasema maranda ni ya kutandikia kuku. Nikang'ang'ania bodi za povu za kuzuia baridi, za kutoka Dar es Salaam, ambazo dukani kwetu hazijawahi hata kufika. Kaka akataka bloku, ili wapita njia waone kwamba mama yake Elia kajengewa. Tukabishana kwenye simu misimu miwili ya baridi, wewe umejifunika mablanketi matatu, unarudia yale yale: "Wanangu, mimi nataka joto, sitaki sifa."

Julai ukaondoka. Daktari alisema nimonia. Waombolezaji walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina huku nikijua ninachokijua.

Sasa sikia linalonila. Kaburi lako hatukulibishania, Mama. Saruji, nondo, marumaru za kijivu, vyote tulivichagua mchana mmoja. Rangi niliichagua mimi. Kaka akasema imependeza, na watu wakatusifu kwamba tunajua kumtunza mzazi. Asubuhi nikienda kuzigusa zile marumaru, ni baridi mpaka vidole vinauma.

Na Baba ameanza kukohoa. Anakaa jikoni, kwenye kigoda chako, anasema ni mafua tu. Wewe pia ulisema ni mafua.

Safari hii sikumuuliza mtu. Nilikwenda kwenye karakana ya seremala nikazoa maranda magunia kwa magunia, nikayaanika kwenye turubai siku nzima, nikachanganya chokaa kwa mikono yangu. Ukuta wa upande wa upepo umekwisha. Ukiuegemea kwa ndani, husikii baridi kabisa. Mama, ulikuwa sahihi, na ingetuchukua wiki tatu tu. Wiki tatu.

Kaka alipiga simu, akasema watu watatucheka kwa kumweka Baba kwenye banda la maranda. Nikamjibu, "Waje wacheke wakiwa ndani." Juzi alileta mbao za dari, akazishusha mwenyewe.

Sikuombi unisamehe, bado sijaweza kujisamehe mwenyewe. Pumzika, Mama. Ninachokuahidi ni kimoja: kabla ya Juni, Baba ataingia humu kwa miguu yake.

Binti yako,
Neema