Madoa Niliyoyapangusa Kwenye Majani ya Mlimau

Nyumbani kwenu,
Chumba cha uani.
Alhamisi, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako. Hujambo? Kifua kimeachia? Ule moshi wa kuchomelea vyuma unaujua mwenyewe, usivue kinyago kwa sababu ya joto. Unakula? Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba, nikakaa nayo moyoni siku tatu. Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kusukumasukuma. Baba yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo.

Usishtuke kuona barua. Kwenye simu huwa unaniambia "sawa mama, sawa mama" mpaka inakatika, na haya ninayotaka kukwambia hayasemeki kwa haraka. Nitampa jirani yetu dereva wa lori, Jumatatu anakuja huko. Mwandiko unisamehe, shule yangu unajua ilipoishia.

Nianze na mke wako. Tangu mtoto azaliwe kimya, bila pumzi, mkwe wangu alikuwa mtu wa kulala akiangalia ukuta. Miezi minne. Wateja wa kusuka walikuja wakachoka, vitana vyake vikashika vumbi. Halafu siku moja anaanika nguo akamwona kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano anauzungukazunguka ule mlimau wa karibu na choo. Hakuwa anatafuta maua. Anatua kwenye jani changa, anakunja mkia, anaruka, anatua kwenye jingine. Mke wako akaenda kugeuza majani, akakuta mayai, mojamoja, madogo kama kichwa cha pini, ya manjano yaliyopauka. Akayahesabu kumi na moja.

Akakata vile vitawi, akavitia kwenye kichupa cha dawa chenye maji, mdomo akauziba kwa pamba ili wadudu wasije wakazama, halafu vyote ndani ya chupa kubwa ya jemu iliyofunikwa kipande cha chandarua. Siku ya nne wakaanza kutoka. Tisa walitoka, mayai mawili yalikauka. Mwanangu, mke wako akaanza kuamka kabla yangu. Anamwaga vinyesi, analeta majani mapya, anawahamisha mmojammoja kwa ile brashi ndogo ya kupakia rangi ya nywele. Alinieleza mezani, huku anakula, kwamba wakikua watageuka kijani, kisha watajifunga kwa uzi kwenye kijiti na kutulia tuli, na baada ya wiki mbili hivi watatoka na mabawa. Mimi hayo ya mabawa sikuyasikia sana. Niliona tu sahani imebaki tupu.

Baba yako akasema, "Wajukuu gani hawa, wanakula mchana kutwa na hawasalimii wakubwa." Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini mke wako alicheka. Kidogo, puani, ila alicheka.

Yule jirani tunayemwita Bi Redio alichungulia dirishani akaniambia, "Mwenzangu, mkweo anafuga wadudu. Kesho atakuletea mende kitandani." Nikamjibu afuge hata chatu, mradi anakula.

Sasa nikwambie nililolifanya.

Jumanne ya wiki iliyopita alitoka kwenda kumsuka mteja, mara ya kwanza tangu msiba. Nikasema nimpangie chumba, akirudi akute panapendeza. Unanijua. Miaka kumi na tisa nafagia madarasa na kupangusa madawati, mkono wangu ukiona doa hautulii. Nikafunua ile chupa, nikakuta majani yamechafuliwa na mavi ya ndege, meusi yenye weupe katikati. Nikajiuliza ndege kapita wapi. Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikapangusa jani baada ya jani mpaka yakang'aa. Hata nilijisifu.

Hakuniambia, au aliniambia nikawa natazama sahani, kwamba wakiwa wachanga ndivyo walivyo. Wanajifanya mavi ya ndege ili ndege wasiwale. Ndege wanadanganyika, na mimi nikadanganyika nao.

Aliporudi aliinama kwenye chupa. "Mama, wako wapi?" Nikauliza nani. Macho yake yalishafika kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Akakitoa kile kitambaa, akakitandaza mezani, akachukua brashi yake na kuwatafuta mmojammoja kwenye mikunjo. Aliwapata wote tisa. Akawapanga juu ya karatasi. Hakuna aliyejitikisa.

Nikasema, "Mwanangu, nilidhani ni uchafu."

Akasema, bila kupandisha sauti, "Na zile nguo, mama, ulidhani ni nini?"

Hili hulijui. Akiwa bado hospitali nilikusanya nguo zote za mtoto, pamoja na ile kofia aliyoifuma mwenyewe, nikazigawa, ili akirudi asizione. Niliona ndiyo huruma. Akarudi akakuta rafu tupu, na hakuna aliyesema neno. Na wewe siku ile nilipokupigia ulisema "atapatikana mwingine", na mimi nikaenda kumwambia vilevile, nikidhani nampelekea faraja.

Begi lake liko chini ya kitanda, limefungwa. Kaka yake anakuja kumchukua arudi kwao tarehe thelathini mwezi huu. Hagombani nami. Ananisalimia, ananipakulia chakula, ananiita mama. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naingia kwenye mlimau na miwani ya baba yako, nageuza majani. Miiba imenichana, mtu angedhani nimepigana na paka. Leo nimepata yai moja, kwenye ncha kabisa ya tawi. Sikuligusa. Niliweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa, nikamwita. Akaja, akalitazama sana. Akasema, "La jana hili." Akakata kitawi mwenyewe, akakitia kwenye chupa.

Nikapiga hesabu kwa vidole. Siku nne za yai, wiki tatu za kula, wiki mbili za kutulia. Tarehe thelathini atakuwa bado anatafuna majani. Nikamwuliza, kwa ujanja wangu huu wa kizee, "Huyu atasafirishika kweli?" Akajibu, "Chupa ni nyepesi, mama."

Mwanangu, barua hii usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa jina lake, kwa mkono wako. Usimtajie habari za mwingine. Mwulize mtoto huyu alifananaje. Sisi tulimwona. Alikuwa na masikio yako, na kucha zake zimekamilika zote. Miezi yote hii hujauliza, na mke wako hawezi kuanza kumsimulia mtu ambaye hajamwuliza. Najua nawe unaumia, mimi ndiye niliyekuzaa, najua ukikaa kimya kuna nini. Ila yeye hakukuzaa, yeye anaona kimya tu. Dereva anarudi huku tarehe ishirini na tano. Mpe barua yako mkononi.

Baba yako anakusalimu, anasema umnunulie magoti mapya huko kama yanauzwa. Shangazi yako anakusalimu na wanawe wote. Bi Redio naye anakusalimu, ameona naandika na hajui naandika nini, kwa hiyo hali yake si nzuri. Za mke wako sina, hajui kama nakuandikia. Ziombe mwenyewe.

Mungu akufunike huko uliko, akutunzie macho na kifua, akulegezee na mkono ushike kalamu.

Ni mimi nikupendaye tangu hujaiona dunia,
Mama yako.

Nilitaka kusahau. Wale tisa aliwafukia chini ya mlimau. Pale sipafagii.