Mdenmaki Aliyekufa Mbele ya Goli

Malindi, Jumapili

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Huku jua kali, pweza wa nazi mtamu, nami mbavu zauma kwa kucheka tangu jana.

Katika hoteli anayopikia Mjomba kuna mzungu mzee, Mdenmaki. Tulipomuuliza kazi yake alijibu kwa Kiswahili cha kitabuni, "Mimi mchezaji." Timu ya Mjomba ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja, na tulikuwa tukishindania mbuzi na watu wa Adu, basi tukamvisha jezi. Kumbe ni mchezaji wa senema na maigizo ya jukwaani! Tangu ujana wake, kazi yake huko kwao ni kufa. Kafa kwa sumu, kafa kwa upanga, kafa kwa mapenzi.

Mpira wenyewe haujui. Lakini mwishoni, bado tuko sare, beki wa Adu alimpita mbele ya goli, wala hakumgusa. Mzee akashika kifua, akazunguka, akaanguka polepole huku akinong'ona jina la mwanamke. Mama mmoja akaangua kilio cha msiba. Refa akavua kofia, akatoa penalti, tukafunga. Marehemu akainuka, akawainamia watazamaji. Mbuzi tumemla, ila Adu hawasemi nasi.

Nikamsimulia habari zako, unavyokata roho kila Pasaka mpaka Baba aje kutoka Mombasa, kisha unamaliza kuku mzima. Alisikiliza kwa heshima, akasema, "Nisalimie mwalimu wangu."

Nakuletea halua. Usije ukafa kweli kabla sijafika.

Mumeo mdogo,
Kazungu