Risasi Iliyobaki Ndani

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Rongo tu wazima, ila mimi sasa hata kikombe cha chai nashikiwa. Umeuliza kwa nini nilikuonya, ulipokwenda mafunzo ya uaskari wa mbuga, usifungue bunduki kuisafisha kabla hujagusa ndani kwa kidole kuhakikisha haina risasi.

Baba yangu, kule Homa Bay, alikuwa na bunduki ya marisawa, zile risasi za chembechembe, inayojipakia yenyewe, ya kufukuzia viboko shambani. Siku moja nilitaka kuifungua niisafishe. Nilivuta komeo, risasi ikaruka nje, nikaamini imeisha. Sikutoa kwanza zilizo kwenye bomba chini ya mtutu, na komeo liliporudi likaingiza nyingine. Nilipobonyeza kifyatulio ili niilegeze kabla ya kuifungua, paa la ghala likatoboka. Nikasema ndugu yangu Owino ndiye aliyeiacha na risasi. Baba hakumruhusu kuishika tena.

Jana nilimwita Owino nikaungama.

“Nilijua, omera, ndugu yangu,” akacheka. “Mikono yako ilikuwa imejaa mafuta ya bunduki. Nilingoja tu useme.”

Kisha akanishikia kikombe.

Wewe toa zote, vuta komeo, tazama, gusa. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo.

Babu yako, mwepesi leo kuliko jana.